Je, Wajua? Mchanga wa pwani ni mali ya nani

Je, wajua kwamba fukwe za jimbo la Oregon, Marekani, zilinusurika kwa kufanywa barabara? Mwaka 1913 Gavana Oswald West, akiona viwanja vya ufukweni vinaishia mikononi mwa watu binafsi, alilishawishi bunge la jimbo litangaze eneo lote kati ya maji kupwa na maji kujaa kuwa barabara kuu ya umma. Wala hakudanganya mtu: pwani ile ilikuwa na njia chache, na magari ya farasi yalipita kweli kwenye mchanga uliolowa.

Je, wajua kwamba “barabara” hiyo iliishia pale maji kujaa ya kawaida yanapogota? Mchanga mkavu wa juu haukutajwa. Mwaka 1966 mwenye hoteli mmoja mjini Cannon Beach akazungushia magogo kipande cha mchanga huo, kikawa cha wageni wake peke yao. Watu wakachachamaa. Mei 1967 Gavana Tom McCall, mwandishi wa habari wa zamani aliyejua picha ya gazetini inavyopatikana, alitua ufukweni kwa helikopta pamoja na wapima ardhi, akawaonyesha waandishi mpaka ungepita wapi. Julai alisaini sheria: umma una haki ya kutumia mchanga hadi yanapoanzia majani, na kazi ya kuutunza leo iko chini ya idara ya hifadhi za jimbo. Mwenye hoteli alipinga mahakamani, akashindwa mwaka 1969. Majaji waliegemea desturi: watu wameutumia mchanga ule miaka na miaka bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Je, wajua kwamba Hawaii mahakama iliwasikiliza wenyeji kuliko majedwali? Katika kesi ya mwaka 1968 iliyotoka kisiwa cha Molokai, wenye kiwanja walitaka mpaka ufuate wastani wa maji kujaa uliopigiwa hesabu na wapimaji. Mahakama ikasema mpaka ni pale mawimbi yanapofikia kwa juu, panapojulikana kwa ukingo wa majani au mstari wa takataka za bahari, na ikapokea ushahidi wa wenyeji wanaopajua.

Massachusetts ni kinyume chake. Sheria yenye mizizi katika karne ya 17 inampa mwenye kiwanja ardhi hadi maji yanapopwa, ila umma umebakiziwa haki tatu: kuvua, kuwinda ndege na kupitisha chombo. Kupunga upepo hakumo. Ndiyo maana wenyeji hutaniana kwamba ukitaka kutembea ufukweni, beba mshipi.

Je, wajua kwamba Texas, chini ya sheria ya fukwe ya mwaka 1959, haki ya umma inaweza kuhama? Bahari ikila ardhi taratibu, njia ya umma nayo inarudi nyuma, na nyumba yako inaweza kujikuta katikati yake. Mwaka 2012 mahakama ya jimbo ilipunguza makali hayo: dhoruba ikihamisha ufuo kwa ghafla, haki hiyo hairuki nayo.

Je, wajua kwamba si rahisi kuuza hifadhi ya jimbo, hata ya ufukweni, iliyopata ruzuku ya mfuko wa serikali kuu ya Marekani ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1964? Jimbo likitaka kuibadilisha matumizi, ni lazima lipate kibali na litoe ardhi nyingine ya thamani isiyopungua. Kwa maoni yangu, hiki ni kifungu chenye meno kuliko vyote hapa.

Kwetu je? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Na je, wajua kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1982 kuhusu visiwa vya mchanga vinavyokinga pwani haimkatazi mtu kujenga? Imeondoa tu fedha za serikali kuu: hakuna ruzuku ya barabara mpya, hakuna bima ya mafuriko kwa nyumba mpya. Jenga ukipenda, kwa mfuko wako.