Namba ya Betri Inavyovuka Mpaka wa Keneli

Umeme ukikatika jioni hapa Ndendere, katika komini ya Ibanda, mwenye kompyuta hutupa jicho kwanza pembeni mwa skrini: betri imebaki asilimia ngapi? Tuseme 62. Namba hiyo imetoka mbali. Chipu iliyo ndani ya betri imeipima, na moduli ya keneli imeisoma. Moduli ni kipande cha programu kinachopachikwa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Sasa ni lazima namba hiyo imfikie mchoraji wa ile alama ya betri, ambaye ni programu ya kawaida, na kati yao kuna mpaka.

Sisi tunaoishi kando ya mto Ruzizi tunajua kwamba mzigo hauvuki daraja bila kukaguliwa. Keneli inaweza kugusa kumbukumbu yote ya mashine, lakini programu imefungiwa ndani ya sehemu yake. Inapoomba data, huitajia keneli anwani ya kuiweka. Anwani hiyo haiaminiki: huenda ni mbovu, au kwa hila inaelekeza ndani ya keneli yenyewe. Kwa hiyo moduli hutumia copy_to_user, ambayo huikagua anwani, hunakili, kisha hurudisha idadi ya baiti zilizoshindwa kuvuka. Sifuri ni habari njema.

Kuna hatari nyingine inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haionekani. Kikusanyaji (compiler) huweza kuacha mapengo kati ya sehemu za muundo wa data. Usipoyafuta kabla ya kunakili, mabaki ya siri za keneli yatavuka pamoja na namba yako.

Betri ina njia nyepesi zaidi: mfumo wa faili wa sysfs, uliokuja na Linux 2.6 mnamo Desemba 2003. Kwenye kompyuta ndogo nyingi, andika:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity

Utajibiwa 62. Faili hilo halipo kwenye diski. Ukilisoma, keneli huita kazi (function) ndani ya moduli, nayo huandika jibu papo hapo. Kunakili kwenda kwa programu hufanywa na sysfs. Desturi yake ni faili moja, thamani moja, na ninaipenda kwa sababu hata anayejifunza leo anaweza kuisoma kwa macho.

Picha za kamera ni nzito mno kwa njia hii. Huko kurasa za kumbukumbu hushirikishwa kwa mwito wa mmap ili kuepuka kunakili.

Kuuliza faili kila sekunde nako kunakula betri ileile unayoipima. Afadhali programu ilale, keneli iiamshe kwa ujumbe kupitia soketi ya netlink. Ili kuuona ujumbe huo, fungua dirisha la amri, andika udevadm monitor --kernel, kisha chomoa chaja. Mstari utakaojitokeza una neno power_supply.