Nishati safi ya kupikia: Mabadiliko yanaanzia kwenye sufuria ya maharage

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dkt. Samia Suluhu Hassan, jijini Dar es Salaam Mei 8, 2024, umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo si dogo. Wakati mkakati unaandaliwa, zaidi ya asilimia 80 ya kaya nchini zilikuwa zikitegemea kuni na mkaa, hivyo uwiano uliokuwepo unatakiwa kugeuzwa juu chini ndani ya miaka 10.

Kwa upande wa taasisi, njia imenyooka kwa kiasi fulani. Shule, vyuo, magereza na kambi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa, na utekelezaji wa agizo hilo unaweza kukaguliwa. Nyumbani hali ni tofauti. Kinachoamua pale ni mazoea ya mpishi: anawasha nini asubuhi, anafunika sufuria au anaiacha wazi, analoweka maharage usiku au anayakumbuka saa tano mchana watoto wakiwa tayari na njaa.

Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), Serikali imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku ya hadi asilimia 50, pamoja na majiko banifu. Hatua hiyo imepunguza kikwazo cha kwanza, yaani gharama ya kununua vifaa. Kikwazo cha pili hujitokeza mtungi unapokuwa umekwisha kufika jikoni. Kaya nyingi zinazopata jiko la gesi haziachi mkaa. Hutumia vyote viwili. Gesi hupewa kazi nyepesi za kuchemsha chai, kukaanga mayai na kupasha kiporo. Makande, maharage, kunde na nyama ngumu hurudishwa kwenye mkaa kwa sababu moja inayotajwa karibu kila mahali: “gesi itaisha.”

Hofu hiyo ina msingi, lakini matokeo yake ni kwamba nishati safi hutumika pale ambapo moshi ungekuwa mchache, na mkaa hubaki pale unapoteketea kwa wingi. Sufuria ya maharage makavu inaweza kukaa jikoni saa mbili hadi tatu. Chai haifiki hata nusu saa. Kaya inayotaka kweli kupunguza mkaa, moshi na matumizi ya fedha haina budi kuanza na chakula kinachokaa motoni muda mrefu zaidi, wala si kile kinachoiva haraka.

Hatua ya kwanza haihitaji kununua kitu chochote. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yaliyowekwa jikoni yakiwa makavu, na maji ya kulowekea yakimwagwa, tumbo nalo hupata nafuu ya gesi. Kifuniko kinachokaa vizuri huzuia joto kupotea na mvuke. Maji yakishachemka, kuzidisha moto hakuyaongezei joto. Yanayotokota kwa fujo na yanayochemka taratibu yana nyuzijoto zilezile, tofauti ni kwamba ya kwanza yanakausha sufuria na kumaliza gesi. Mpishi anayepunguza moto mara tu baada ya chemko la kwanza hapotezi dakika hata moja ya kuivisha.

Nyanda za juu zina hesabu yake. Kadiri mahali palivyo juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo maji yanavyochemka katika joto dogo zaidi. Dar es Salaam maji huchemka yakifikia nyuzijoto 100 za Selsiasi. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzijoto takriban 93. Ndiyo maana mgeni kutoka Pwani hushangaa kuona maharage yaleyale yakigoma kuiva Njombe au Makete. Hayana ubaya wowote. Ni maji ndiyo yasiyofikia joto alilolizoea.

Sufuria ya presha hutatua tatizo hilo. Mvuke ukizuiwa kutoka, maji yaliyomo ndani hupanda hadi kati ya nyuzijoto 110 na 120 kabla ya kuchemka, na maharage ambayo yangechukua saa tatu huiva ndani ya saa moja au pungufu. Jiko la presha la umeme linaongeza faida nyingine mbili: kuta zake huhifadhi joto, na mtambo wake hukata umeme wenyewe joto linapotosha. Kwa sababu hiyo haliteketezi umeme kwa muda wote linapofanya kazi, hata kama kibandiko chake kinaonyesha wati 1,000.

Gharama yake inaweza kukokotolewa. Nusu kilo ya maharage katika jiko la aina hiyo kwa kawaida hutumia umeme usiozidi nusu uniti. Kwa bei ambazo zimekuwa zikitumika, mteja wa kundi la T1 hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti moja, kodi na tozo zikijumuishwa, na wa kundi la D1 takriban shilingi 122 mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Nusu uniti ni karibu shilingi 178 kwa wa kwanza na shilingi 61 kwa wa pili. Kila kaya inajua bei ya kopo la mkaa mtaani kwake na idadi ya makopo yanayokwenda kwenye sufuria moja ya maharage. Ulinganisho uliobaki si mgumu.

Mteja wa D1 ana hofu yake ya haki, kwamba kupika kwa umeme kutamwondoa kwenye kundi la bei nafuu. Kaya inayotumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, simu na televisheni, ikipika maharage kwa jiko la presha siku moja na kuacha moja, itaongeza takriban uniti 7 na nusu. Bado ina nafasi ya kutosha chini ya 75. Hali hubadilika iwapo kaya hiyo itatumia pia jiko la koili kwa kila mlo, kwa kuwa jiko hilo halina kuta za kuhifadhi joto na hula umeme mfululizo. Izingatiwe pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Uniti zinapopungua katika manunuzi ya kwanza ya mwezi, lawama isielekezwe moja kwa moja kwa jiko.

Jiko la presha halifai kwa kila chakula. Ugali unahitaji mkono na mwiko, na chapati zinahitaji kikaango. Kwa vyakula hivyo gesi ndiyo inayofaa, na hapo mtungi wa kilo 6 utadumu zaidi kwa sababu umeondolewa mzigo wa maharage na makande.

Msukumo wa mabadiliko haya hautokani na fedha peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Moshi wa kuni hubeba chembechembe ndogo mno ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Kwa mtoto matokeo yake huwa nimonia. Kwa mtu mzima ni ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na mtoto wa jicho. Anayeathirika zaidi ni mama aliye karibu na mafiga na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake.

Mkaa huonekana kuwa na unafuu kwa sababu hautoi moshi mwingi ukishakolea. Hapo ndipo penye hatari ambayo kila msimu wa baridi hugharimu maisha ya watu. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni na kuuzuia mwili kupata hewa. Katika mikoa yenye baridi, zikiwemo Njombe, Iringa na Mbeya, baadhi ya familia huingiza jiko chumbani usiku, hufunga dirisha na kulala. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ni rahisi mtu kuzidhania kuwa mafua au usingizi wa kawaida. Aliyekwisha kulala hazisikii.

Jiko la mkaa halipaswi kubaki ndani ya chumba cha kulala, hata likiwa limebakiwa na makaa machache, na hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Wanaohisi dalili hizo pamoja, katika nyumba moja, watoke nje mara moja na kufika kituo cha afya. Blanketi la ziada, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuvishwa kitambaa, au kuziba nyufa za mlango wa nje wakati hakuna moto ndani ni njia salama za kujikinga na baridi.

Gesi nayo ina kanuni zake, na si sahihi kuwaambia wananchi kuwa haina hatari. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Harufu kali inayosikika huongezwa kwa makusudi ili uvujaji utambulike. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya chini sakafuni badala ya kupanda juu. Harufu ikisikika, mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na mtu asiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima, kwani cheche moja inatosha. Mtungi usimamishwe wima mahali penye hewa, usilazwe. Mpira wa gesi na kiungo chake vipakwe povu la sabuni kila mtungi mpya unapofungwa. Mapovu yakitutumka, pana uvujaji. Kutumia kiberiti kutafuta uvujaji ni kuutafuta moto wenyewe. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haitozwi.

Misitu ina sehemu yake katika hesabu hii. Katika matanuri ya asili ya udongo, kilo 1 ya mkaa huhitaji kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Nishati kubwa iliyokuwamo kwenye mti hupotea porini kabla gunia halijafika barabarani. Takwimu za Serikali zimekuwa zikieleza kuwa nchi hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, kilimo cha kuhamahama na ukataji wa miti kwa ajili ya nishati vikiwa miongoni mwa sababu kuu. Mkaa unaochomwa Dar es Salaam hutoka Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, na baadhi ya maeneo hayo ndiyo yanayobeba vyanzo vya maji vya jiji lenyewe. Bonde la Mto Rufiji, lenye Bwawa la Julius Nyerere na mitambo 9 inayoweza kuzalisha megawati 2,115, linategemea misitu ya juu kushika udongo na kuachia maji taratibu. Umeme wa kupikia na mti usiokatwa vinategemeana kuliko inavyodhaniwa.

Linabaki suala la fedha za kujaza mtungi. Mkaa unauzwa kwa kopo, na mwenye kipato cha siku humudu kopo la siku. Gesi hudai fedha zote kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya kaya zimelitatua kwa kibubu: kila siku ambayo mkaa haukununuliwa, sehemu ya fedha yake hutumbukizwa humo, na mtungi unapoisha fedha za kujaza zipo. Katika baadhi ya maeneo ya miji ipo pia huduma ya mtungi wenye mita, ambapo mteja hulipia kwa simu kadiri anavyotumia.

Aidha, mnunuzi wa gesi anayo haki ambayo wengi hawaidai. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani dukani na kuupima mtungi mbele ya mteja. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiujumlisha na kilo 6 za gesi, mizani inapaswa kusoma jumla hiyo. Ikisoma pungufu, mteja asiupokee, na taarifa ipelekwe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) au Wakala wa Vipimo.