Mali Moja, Wadai Wengi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya somo hili. Kiongozi wa darasa ayaandike ubaoni kabla redio haijafunguliwa.

Mdai: mtu anayetaka kulipwa deni lake.
Mdaiwa: mtu au kampuni inayopaswa kulipa deni.
Rehani: mali iliyowekwa kuwa dhamana ya deni.
Mfilisi: mtu anayekusanya na kuuza mali ya mdaiwa aliyeshindwa kulipa, kisha akawagawia wadai.
Hisa: fungu la mtu katika kampuni.

MWALIMU: Wasikilizaji wetu, hamjambo? Natumaini mmekwisha kuketi na madaftari yenu yako tayari. Leo tutasoma habari za deni. Si deni la mtu na jirani yake, ila deni la kampuni iliyoanguka. Pamoja nami yupo mwanafunzi mmoja wa darasa la watu wazima, fundi seremala, ambaye ataniuliza yale ambayo nanyi mngependa kuuliza. Karibu, fundi.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu. Nami nina swali limenikaa moyoni. Niliipelekea kampuni moja viti 20 na meza 5. Nikapewa karatasi, nikaambiwa nitalipwa mwisho wa mwezi. Kabla ya mwezi kwisha, mlango ukatiwa kufuli na karatasi ya mahakama ikabandikwa. Nilichungulia dirishani, nikaviona viti vyangu. Je, siwezi kuvichukua?

MWALIMU: Pole sana, fundi. Swali lako ni la watu wengi, na jibu lake halifurahishi. Viti hivyo ulivitengeneza kwa mikono yako. Lakini siku ulipovipeleka na kuviacha kwa ahadi ya kulipwa baadaye, uliviuza. Vikawa mali ya kampuni. Badala ya viti, wewe ukabaki na deni. Sasa u mdai, na nyuma ya kufuli lile wako wadai wengine. Ukivunja mlango na kuvichukua, utahesabiwa mwizi.

FUNDI: Lakini mimi ndiye niliyefika mlangoni wa kwanza.

MWALIMU: Hapo ndipo somo letu linapoanza. Wadai wanapogombea mali moja, hawalipwi kwa kutangulia mlangoni. Wala haitazamwi nani ana shida zaidi, au nani alitoa jasho zaidi. Hutazamwa kila mmoja alipatana nini na mdaiwa siku alipotoa mali yake au fedha zake. Ili tufahamu vizuri, tusikilize habari moja ya kweli. Ilitokea London, Uingereza, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Hata leo mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda huitaja, kwa sababu sheria za makampuni za nchi hizi zina asili yake katika sheria za Kiingereza.

Viatu vya Bwana Salomon

MWALIMU: Aron Salomon alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na mtengenezaji wa viatu katika mtaa wa Whitechapel. Alianza na mtaji mdogo sana. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 aliijenga biashara yake mpaka ikasimama imara. Wanawe wanne walifanya kazi pamoja naye, nao wakamsihi awape fungu. Basi mwaka 1892 akaigeuza biashara ile kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilitaka watu wasiopungua 7. Wakatia sahihi yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Wale sita walikuwa na hisa moja moja. Yeye peke yake alikuwa na hisa zaidi ya 20,000.

Kisha Bwana Salomon akaiuzia kampuni biashara ile ile, kwa bei ya pauni 39,000 hivi. Kampuni haikuwa na fedha taslimu za kutosha. Sehemu kubwa ya bei akalipwa kwa hisa. Sehemu nyingine ikalipa madeni ya zamani. Na kwa pauni 10,000 akapewa hati za rehani. Lishike neno hilo. Maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa na deni la pauni 10,000 kwa Bwana Salomon, na mali ya kampuni ndiyo iliyokuwa rehani.

FUNDI: Mali gani, Mwalimu? Nyumba au mashine?

MWALIMU: Mali yote. Mashine, ngozi zilizomo ghalani, na ngozi zitakazoingia kesho. Viatu vilivyokwisha kushonwa, na fedha ambazo wateja hawajalipa. Rehani ya namna hii ni kama wavu uliotegwa baharini. Maadamu haujavutwa, samaki huingia na kutoka, na biashara huendelea kama kawaida. Lakini siku mwenye wavu anapouvuta, kilichomo ndani ni chake.

FUNDI: Hata ngozi iliyoletwa jana, na aliyeileta hajalipwa?

MWALIMU: Hata hiyo. Sasa unaanza kuona viti vyako vilipo.

Kampuni yaanguka

MWALIMU: Haikuchukua muda, biashara ya viatu ikaingia katika siku mbaya. Kulikuwa na migomo ya wafanyakazi, na kazi zikapungua. Bwana Salomon na mkewe wakaikopesha kampuni fedha, lakini hazikutosha. Ndipo alipozitoa hati zake za rehani kwa mtu mmoja jina lake Broderip, ambaye alimpa pauni 5,000. Bwana Salomon hakuzila. Alizitia zote katika kampuni. Lakini ilikuwa kama kumwaga maji mchangani. Siku ya kulipa riba ilipofika, Broderip hakulipwa. Akaenda mahakamani, na mtu akawekwa kuishika mali yote. Wavu ukawa umevutwa. Mwaka 1893 kampuni ikafilisiwa.

Wasikilizaji, sasa tufanye hesabu. Mali iliuzwa, na Broderip akalipwa deni lake. Zikabaki kama pauni 1,055. Juu ya fedha hizo pakawa na madai mawili.

Bwana Salomon alisema: Hati za rehani zilikuwa za pauni 10,000. Broderip amekwisha kulipwa. Kilichobaki ni haki yangu.

Upande wa pili walikuwako wadai wa kawaida, yaani waliodai bila kushika rehani yo yote. Deni lao lilikuwa zaidi ya pauni 7,700. Mfilisi akawasemea. Alisema kwamba kampuni hii ni Salomon mwenyewe aliyebadili koti. Mtu hawezi kujidai mwenyewe. Basi asipewe kitu, tena awalipe wadai hawa kutoka mfukoni mwake.

FUNDI: Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

MWALIMU: Na majaji wa kwanza walikubali. Mwaka 1895 Jaji Vaughan Williams aliwapa haki wadai wa kawaida, na Mahakama ya Rufani nayo ikawapa haki. Kufikia wakati huo Bwana Salomon mwenyewe alikuwa maskini, hata ikabidi apeleke rufani yake ya mwisho kwa njia ya watu mafukara. Rufani ile ilikwenda katika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya juu kupita zote Uingereza. Tarehe 16 Novemba 1896 Malodi wote kwa sauti moja waliigeuza hukumu.

Walisema hivi. Kampuni ikiisha kuandikishwa kama sheria inavyotaka, ni mtu mbali mbele ya sheria. Mali yake si mali ya wenye hisa, na deni lake si deni lao. Hapakuwa na udanganyifu, maana watu wote 7 walijua bei na masharti. Basi hati za rehani zilikuwa halali, na mwenye hati hutangulia. Wadai wa kawaida, pamoja na pauni zao zaidi ya 7,700, hawakupata kitu.

FUNDI: Hiyo ni haki kweli, Mwalimu?

MWALIMU: Hata mmoja wa majaji wale, Lodi Macnaghten, aliona uchungu wake. Alisema kwamba ni aibu wenye hati za rehani kuzoa kila kitu, na kwamba kwa maoni yake wafanyabiashara waliodai madeni ya siku za karibuni wangestahili kutangulizwa. Lakini sheria haikusema hivyo, na kazi ya jaji ni kuifuata sheria.

Safu ya wadai

MWALIMU: Baadaye sheria zilitengenezwa kidogo kidogo. Mwaka 1897 Waingereza waliamuru kwamba mishahara ya wafanyakazi, kwa kiasi maalumu, na kodi fulani zilipwe kabla ya mwenye rehani ya mali yote, yule mwenye wavu. Mwaka 1900 ikaamriwa kwamba rehani za makampuni ziandikwe katika daftari la serikali, ili mtu aweze kwenda kutazama. Na tangu mwaka 2003, sheria yao hutenga fungu la mali ya wavu kwa ajili ya wadai wasio na rehani. Kenya nayo, katika sheria ya mwaka 2015, huitanguliza mishahara ya miezi 4 ya mwisho, kwa kiasi kilichowekewa mpaka.

Kila nchi ina maneno yake, lakini kwa jumla safu hukaa hivi. Andikeni.

Kwanza, mwenye rehani ya kitu kimoja maalumu, kama nyumba au kiwanja. Yeye hulipwa kutokana na kitu hicho.
Pili, gharama za kazi ya kufilisi.
Tatu, mishahara ya wafanyakazi kwa kiasi kilichowekwa, na baadhi ya kodi.
Nne, mwenye rehani ya mali yote.
Tano, wadai wa kawaida.
Sita, wenye hisa, kama kimebaki kitu.

FUNDI: Basi mimi ni wa tano.

MWALIMU: Ndiyo, pamoja na wenzako wote wa safu hiyo. Nao hugawana kwa kadiri ya deni la kila mmoja. Tuseme wewe unadai shilingi 10,000, na mwenzako anadai shilingi 30,000. Jumla ni 40,000. Ikiwa zimebaki shilingi 4,000 tu, kila mdai atapata senti 10 kwa kila shilingi anayoidai. Wewe utapata shilingi 1,000, na mwenzako shilingi 3,000. Aliyepiga kelele zaidi hapewi zaidi.

FUNDI: Na kama ningalikwenda mahakamani mapema, nikapata hukumu, na dalali akavikamata viti?

MWALIMU: Mapema ingekusaidia, lakini kukamata peke yake hakutoshi. Kwa sheria ya Uingereza, mdai aliyekamata mali kwa hukumu ya mahakama, na mali haijauzwa mpaka kampuni ikaanza kufilisiwa, kwa kawaida hawezi kuishika kwa faida yake peke yake. Mali hurudi kwa mfilisi, na yeye hurudi katika safu. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

La kufanya

FUNDI: Sasa nifanye nini?

MWALIMU: Kuna mambo ya kufanya baada ya kampuni kuanguka, na mambo ya kufanya kabla.

Baada ya kuanguka, usikae nyumbani ukinung'unika. Mwandikie mfilisi. Taja deni lako, tarehe na kiasi, na umpe nakala ya karatasi zako. Uliza siku ya mwisho ya kupeleka madai, wala usiipitishe. Ukiitwa katika mkutano wa wadai, nenda. Mdai asiyejulikana hagawiwi.

Kabla ya kutoa mali yako kwa mkopo, uliza. Katika Kenya na Tanzania liko daftari la makampuni kwa msajili wa serikali, na kwa ada mtu huweza kujua kama mali ya kampuni imekwisha kuwekwa rehani. Ukikuta imewekwa yote, jua kwamba unatia samaki wako katika wavu wa mtu mwingine. Dai sehemu ya malipo mbele. Usipeleke mzigo wa pili kabla ya kulipwa wa kwanza. Na kama mali yako ni ya thamani kubwa, muulize mwanasheria juu ya mapatano ya maandishi kwamba itabaki yako mpaka utakapolipwa. Mapatano hayo yafanywe kabla ya kukabidhi. Baada ya kukabidhi, umechelewa.

FUNDI: Karatasi yangu ya viti ninayo, Mwalimu. Kesho nitaipeleka kwa mfilisi. Na iko kampuni nyingine inayonitaka nilete vitanda 30 kwa mkopo.

MWALIMU: Utawaambiaje?

FUNDI: Nitawaambia walipe nusu kwanza. Wakikataa, vitanda vitakaa kwangu, nami nitaviona bila kuchungulia dirishani.

MWALIMU: Vema, fundi. Nanyi wasikilizaji, kumbukeni kwamba kampuni ikianguka, mtu hupata kwa kadiri ya mapatano aliyoyafanya ilipokuwa ingali imesimama. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mnalo daftari. Litumieni. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini fundi hakuweza kuvichukua viti vyake?
2. Wadai wa kawaida wa kampuni ya Salomon walidai kiasi gani? Walipata nini?
3. Malodi walisema nini juu ya kampuni na wenye hisa wake?
4. Wadai watatu wa kawaida wanadai shilingi 2,000, shilingi 3,000 na shilingi 5,000. Zimebaki shilingi 2,500. Kila mmoja atapata ngapi?
5. Andika barua fupi kwa mfilisi ukimweleza deni lako. Taja tarehe, mali uliyotoa na kiasi unachodai.