Kutoka Kiruna mpaka Narvik, mawe yanapita kwanza

Wandugu wengi, waliposikia kwamba nilipanda gari ya moshi kule Uswidi, waliniuliza jambo moja tu: baridi iko namna gani? Baridi iko. Mwezi wa tisa, wakati sisi tunangojea mvua, kule juu ya milima theluji imekwisha kuanza. Lakini wenzangu wa sendika hawakunituma kupima baridi. Nilienda kuona wachimbaji wa Kiruna, na kwa sababu tike ya ndege ilikuwa bei kubwa, wenyeji wetu walitulipia gari ya moshi. Namshukuru aliyekosa feza ya ndege.

Safari inaanza Stockholm, jioni. Ndani ya wago kuna vitanda, vitatu kila upande, na blanketi safi. Usiku kucha unapita msitu: miti, ziwa, miti tena. Nikalala. Asubuhi tulikuwa tumevuka ule mstari wa kaskazini ambao, ukiupita, kuna siku za mwezi wa sita jua halitui kabisa, na siku za mwezi wa kumi na mbili halichomozi. Kiruna wanakaa karibu wiki tatu bila kuona jua. Mwenzangu mmoja alishangaa. Mimi nilimuambia: wewe ukifanya posti ya chini kwa mwezi mzima, unaona jua mara ngapi?

Tunasema gari ya moshi, lakini ile haina moshi tangu zamani. Kipande cha Kiruna mpaka mpakani mwa Norwe kiliwekewa umeme 1915, na kufika 1923 njia yote ya minere, kutoka Luleå upande wa mashariki mpaka Narvik upande wa magharibi, ilikuwa ya umeme. Umeme huo ulitoka Porjus, maporomoko ya mto Lule, ambako serikali ilianza kujenga mashini 1910. Ni kama Mwadingusha yetu, iliyowashwa 1930: maji ya mto yalifungwa kwanza kwa ajili ya migodi.

Na reli yenyewe ni ya mawe. Mlima wa chuma wa Kiruna ulijulikana zamani, lakini chuma isiyo na njia ya kutoka ni mlima tu. Kampuni LKAB iliundwa 1890, mji wa Kiruna ukaanza 1900, reli ikafika Narvik 1902, na mwaka uliofuata mfalme Oscar II akaja kuifungua. Kwa nini Narvik, mji wa Norwe, wakati mgodi uko Uswidi? Juu ya bahari. Bandari ya Luleå inashikwa na barafu wakati wa baridi. Narvik iko mbali zaidi kaskazini, lakini maji yake hayagandi, kwa sababu ya mkondo wa maji ya moto unaotoka mbali katika bahari ya Atlantiki. Tena wakati ule nchi mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja, mpaka 1905. Sisi wa Katanga tunaelewa hesabu hiyo bila mwalimu. Reli ilifika Élisabethville 1910 ikitoka kusini, na 1931 tukaunganishwa na ile ya Benguela inayoshuka mpaka Lobito. Hakuna aliyeijenga ili mama aende kusalimia dada yake.

Tulishuka Kiruna, tukakaa siku mbili. Gare ile haina historia, maana ile ya zamani imekwisha kuvunjwa. Mgodi wa Kiruna uko chini ya ardhi, ngazi kubwa ya kusafirisha minere iko sasa mita 1,365, na kadiri wanavyochimba, ardhi ya juu inapasuka na kushuka kuelekea mjini. Mwaka 2004 watu waliambiwa wazi: mji utahama. Reli ilihamishwa kwanza, 2012. Sasa katikati ya mji mpya iko karibu kilometa tatu upande wa mashariki. Na mwezi wa nane 2025, wiki chache mbele ya sisi kufika, walihamisha kanisa lao kubwa la mbao la mwaka 1912. Hawakulibomoa. Walilipakia zima, tani 672, juu ya magari yenye magurudumu mengi, likatembea kilometa tano kwa siku mbili. Watu walijaa barabarani kama siku ya maandamano.

Kwetu tunajua hadithi ya kuhamishwa. Tunajua mkuu anayekuja na buku, anaandika majina, anapiga rangi nyekundu kwenye ukuta, na kisha mtu anangojea. Niliuliza basi Kiruna analipa nani. Kampuni inalipa, sheria ya migodi inasema hivyo. Mwenye nyumba yake alichagua: nyumba mpya, ao bei ya soko na kuongezewa asilimia 25. Nisiseme kwamba wote wanacheka. Wapangaji wanalalamika juu ya kodi ya nyumba mpya kuwa kubwa. Mama mmoja alinionyesha fasi palipokuwa nyumba aliyozaliwa, na sasa ni uzio na majani tu. Wasami, wenyeji wa kwanza wa inchi ile, wanaofuga reni, wanasema kila kitu kinachojengwa upya kinakula njia za wanyama wao, na gari ya moshi yenyewe inawagonga. Lakini tofauti niliiona: kule mtu anagombana juu ya kiasi gani atalipwa. Hagombani juu ya kujua kama atalipwa.

Jioni ya pili tuliketi na mzee mmoja, mchimbaji aliyekwisha kupumzika. Alikuwa kijana wa miaka 20 wakati wa mgomo mkubwa. Hapa ningeomba wenzangu wa sendika wasome polepole, maana si hadithi inayotusifu.

Mgomo ulianza 9 Desemba 1969 katika mgodi mdogo wa Svappavaara, ukaingia Kiruna na Malmberget. Wafanyakazi karibu 4,700 waliacha kazi. Walikuwa wamechoka na mshahara wa kupimwa kwa saa na kwa tani, na wakubwa waliokuja na karatasi za hesabu kuona mtu anatumia dakika ngapi kwa kila kazi. Sasa sikia: kampuni ilikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa ya chama cha wafanyakazi wenyewe, kile ambacho sendika zilikijenga. Na sendika haikuukubali mgomo ule! Wachimbaji waliupita mlango wake, wakachagua kamati yao ya watu 27, wakakaa siku 57 katika baridi. Walirudi kazini mwanzo wa mwezi wa pili 1970. Mambo hayakubadilika siku ile, lakini mshahara wa mwezi ulikuja, na 1976 bunge la Uswidi lilipitisha sheria inayomlazimisha tajiri kuzungumza na sendika mbele ya kubadili kazi.

Nilimuuliza mzee kama alichukia sendika. Alifikiri kidogo, akasema hapana, yeye alibaki memba maisha yote. Aliongeza kwamba delege wao wa wakati ule alikuwa mtu mwema, ila alikuwa amekaa ofisini muda mrefu. Mimi niko delege. Nilikunywa kahawa yangu kimya.

Kesho yake tukapanda tena kwenda Narvik. Hii ndiyo safari ambayo watalii wanaifuata kutoka mbali: karibu saa tatu, kilometa zisizofika 180. Kaa upande wa kulia. Kiruna inapokwisha kutoweka nyuma, ziwa Torneträsk linatokea, refu kilometa 70, na reli inatembea kando yake kwa muda mrefu sana. Mwezi wa tisa miti yao midogo yenye ngozi nyeupe inageuka manjano, mlima mzima unaonekana kama umepakwa mafuta ya mawese, na juu kabisa theluji. Sikuwahi kuona rangi tatu za namna ile pamoja. Pale Abisko, ambapo serikali iliweka mbuga ya taifa tangu 1909, vijana wenye mizigo mgongoni walishuka kwenda kutembea kwa miguu milimani. Kwa dirisha la kushoto unaona milima miwili na katikati yake bonde la mviringo, kama mtu aliyekata kwa kijiko. Wageni wanaliita Lapporten. Wasami wana jina lao wenyewe, Čuonjávággi.

Mbele ya kuvuka mpaka kuna fasi inaitwa Tornehamn. Pale kuna makaburi ya watu waliojenga njia hii. Walikuwa maelfu, walipasua mwamba kwa nyundo na baruti, katika giza na theluji, na wengi walikufa kwa ajali na kwa magonjwa. Misalaba ni midogo, ya rangi nyeupe. Katika kila kitabu cha kuwaongoza watalii makaburi hayo yameandikwa. Nilikumbuka wale waliolaza mataruma kutoka Sakania mpaka Bukama. Babu zetu. Nani anaweza kunipeleka mahali walipolala?

Kisha tukasimama. Hakuna kijiji, paka mwamba na upepo. Mama wa tike akapita akisema tungojee kidogo. Reli kule ni moja tu, hivyo magari yanapishana katika fasi maalumu. Dakika chache, ardhi ikaanza kutetemeka, na minere ikapita: wago 68, karibu mita 750 za urefu, kila wago na tani kama 100. Ukiongeza uzito wa wago zenyewe, jumla ni zaidi ya tani 8,000 kwa gari moja. Niliacha kuhesabu, nikaangalia tu. Watalii wakapiga picha. Mzungu mmoja aliyekaa mbele yangu alikasirika juu ya kuchelewa. Mimi moyo wangu ulifurahi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilijua mkono gani umejaza wago zile.

Kuna jambo ambalo mafundi wetu watalipenda. Kutoka mpakani, zaidi ya mita 500 juu ya bahari, reli inashuka mpaka majini kwa kilometa 40 na kitu. Gari iliyojaa haihitaji nguvu kushuka, inahitaji kuzuiwa. Mota zake zinageuka kuwa mashini ya kutoa umeme, na umeme huo unarudi katika waya na kusaidia wago tupu zinazopanda. Uzito wa mawe unavuta wago zake kurudi mgodini.

Lakini njia moja ni njia moja. Desemba 2023 gari ya minere ilitoka kwenye reli karibu na Vassijaure, ikaharibu kilometa nyingi za njia. Ilichukua karibu miezi miwili kuifungua, na siku chache baada ya kufunguliwa nyingine ikatoka tena. Minere ikarundikana mgodini, bandari ikanyamaza, na abiria wakapewa basi. Wachimbaji wa kule wanadai njia ya pili miaka mingi.

Mpakani Riksgränsen hakuna aliyetuomba karatasi siku ile. Niliishika pasipoti yangu mkononi bure. Aliyezoea Kasumbalesa anajua mkono unavyobaki umeshika.

Kisha ukienda Norwe dunia inafunguka chini ya miguu. Unaingia ndani ya mwamba, unatoka, unaingia tena, na kila ukitoka unaona mkono wa bahari, wanaita Rombaken, chini kabisa kati ya kuta za mawe, maji meusi yenye kung'aa. Watu wakaacha kuongea. Katika maji hayo bado kuna vyuma vya manuari ya Wajerumani, Georg Thiele, tangu mwezi wa nne 1940. Hitler alitaka chuma ya Kiruna, Waingereza walitaka aikose, na mji mdogo wa wavuvi na wapakiaji ukachomwa. Nilifikiri juu ya Shinkolobwe. Wao walipiganiwa mawe yao waziwazi. Ya kwetu ilichukuliwa kimya miaka ile ile.

Narvik ni mwisho. Reli haiendi mbele, haiunganiki hata na reli nyingine za Norwe. Unashuka, na ukitembea kidogo unaona bandari ya minere, vidonge vya chuma vya mviringo, vidogo kama mbegu, vinavyomwagika kutoka chini ya wago. Mwanamke mmoja ndiye alikuwa akiendesha lokomotivu. Hilo pia si la zamani: mpaka 1978 sheria ya Uswidi ilikataza wanawake kufanya kazi chini ya mgodi.

Tulirudi kesho yake. Katika wago mzee mwingine aliniuliza kama kwetu pia kuna reli ya minere. Nilimujibu kwamba iko, na inafika baharini. Akauliza kama watu wanaipanda. Nikasema wanaipanda. Akataka kujua inaondoka saa ngapi, akatoa hata kalamu. Nilianza kumueleza, kisha gari ikasimama tena, na wote wawili tukageukia dirisha kuangalia wago tupu zikipanda.