USIPOZIBA UFA: KISA CHA MKONO WANGU

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mmeniuliza, "Mbona hunyooshi vidole?" Wengine hata hudhani nimekunja ngumi nikitafuta ugomvi! Leo nitawaeleza.

Nilipokuwa darasa la tano, mafuta moto ya kukaangia mandazi yalinimwagikia kiganja cha kulia. Nikapakwa unga. Kumbe hilo ni kosa! Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, kisha uende hospitali. Usipake unga wala dawa ya meno.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Kidonda kilipokuwa kikipona, nilikaa nimekunja mkono kwa kuwa ukikunjwa hauumi sana. Sikujua kwamba kovu hujivuta. Ndani yake mna chembe hai zinazoikaza ngozi ili kidonda kifunge, nazo huendelea kukaza kwa miezi mingi hata baada ya kupona. Isitoshe, mtoto hukua: mifupa hurefuka, lakini kovu halitanuki kama ngozi nzima. Ndiyo maana kidole changu cha mwisho, kilichopinda kidogo tu nilipoingia kidato cha kwanza, sasa ni kama ndoano.

Je, nafanya nini? Asubuhi na jioni napaka kovu mafuta, nalisugua kwa kidole gumba, kisha nanyoosha kila kidole polepole nikihesabu hadi 30. Usiku nalala na banzi nililotengenezewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikilisahau, asubuhi mkono umekaza kama mti.

Kila Jumapili naweka kiganja juu ya meza na kupima kwa rula pengo lililo chini yake. Mwaka jana liliongezeka kwa sentimita 1. Tangu nipate banzi, halijaongezeka. Halijapungua pia, sitawadanganya.

Daktari asema kovu laweza kukatwa na ngozi ya paja kupandikizwa. Lakini hata baada ya upasuaji, bila banzi na mazoezi mkono waweza kujikunja tena. Kwa hivyo kazi hii siikwepi.

Basi mkiniona darasani nikivuta vidole, msinicheke. Nataka mkono huu huu ulioandika makala haya ndio uandike mtihani wa kidato cha nne. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naziba wangu kila siku.