UZI: Msamaha wa Rais si kesi kufutwa. Tuelewane kwanza, halafu tubishane

1/ Jina la mkubwa fulani likianza kutajwa kwa msamaha, huku mtandaoni tunagawanyika papo hapo. Hawa wanasema "mwachilieni, ameteseka vya kutosha." Wale wanajibu "wezi wanaachiliana." Jina likiwa la upande wa pili, tunabadilishana maneno. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na hapa sitaji mtu wala chama. Natafuta kipimo kimoja tutakachotumia kwa wote.

2/ Kuna mambo matatu tunayachanganya kila siku.

Kesi kuondolewa: hiyo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Kifungu 157 cha Katiba kinamtaka apate ruhusa ya mahakama kwanza.

Kushinda rufaa: mahakama ya juu imeona ile ya chini ilikosea.

Msamaha: mtu ameshapatikana na hatia, na bado ana hatia. Kinachoguswa ni adhabu.

Kwa hivyo ukisikia "Rais amemsamehe" na kesi haijaamuliwa, jua mtu anakuchezea.

3/ Kifungu 133 kinampa Rais njia nne: kusamehe, kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kufuta adhabu yote au sehemu yake. Ombi linaweza kuletwa na mtu yeyote. Si lazima uwe na wakili, na si lazima umjue mtu Ikulu.

4/ Rais pia hafanyi hivyo kwa kuamka tu vizuri. Katiba inasema afuate ushauri wa kamati. Ndani yake kuna Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza, na angalau watu wengine watano wasio maafisa wa serikali. Sheria ya 2011 inaitaka kamati hiyo iangalie umri wa mtu alipotenda kosa, uzito wa kosa lenyewe, muda aliotumikia na mwenendo wake gerezani. Na Katiba yenyewe inairuhusu kuzingatia maoni ya waathiriwa. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia.

5/ Lakini walionufaika zaidi na mamlaka haya si wakubwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ila hukumu ya kifo bado iko kwenye sheria. Watu wakawa wanarundikana gerezani wakingoja kitanzi kisichokuja. Mwaka wa 2009, zaidi ya 4,000 walibadilishiwa hukumu ikawa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2016, wengine 2,747. Hawakwenda nyumbani, walitolewa tu kwenye kivuli cha kamba.

6/ Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mauaji ni kinyume cha Katiba. Jaji sasa anaweza kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Mwaka wa 2021 mahakama hiyo ikafafanua kuwa uamuzi huo ni wa mauaji pekee. Aliyefungwa kwa wizi wa mabavu akabaki nje ya mlango huo.

7/ Kuna pia huruma ya kila siku ambayo haina kamera. Mfungwa mwenye nidhamu na bidii hupunguziwa theluthi ya kifungo, mradi kinazidi mwezi mmoja na si cha maisha. Tangu 1998 kuna sheria ya huduma kwa jamii: kama kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kukuamuru ufanye kazi ya umma huku ukilala kwako. Hapa ndipo mwananchi wa kawaida anaguswa, na hapa ndipo hatubishani kabisa.

8/ Halafu mtu anatoka. Mtaani kwetu kuna kijana alifungwa miezi michache kwa kosa dogo kwa sababu nyumbani walikosa pesa za faini. Alimaliza kifungo. Akaenda kuomba kazi ya ulinzi, wakamwitisha cheti cha maadili mema. Rekodi ikajitokeza, kazi ikaisha hapo. Siku hizi anabeba mchanga kwenye mijengo. Mahakama ilimpa miezi, lakini adhabu yenyewe haijui kuhesabu.

9/ Sasa soma Kifungu 99, kinachosema nani hawezi kugombea ubunge. Anayezuiwa kwa sababu ya kifungo ni yule ambaye, wakati wa kusajiliwa au wa uchaguzi, yuko chini ya kifungo cha angalau miezi sita. Na hazuiwi hadi nafasi zote za rufaa ziishe. Kuna vizuizi vingine, kama kutumia vibaya ofisi ya umma, navyo pia husubiri rufaa.

Sipingi hilo, mtu ana haki ya kusikizwa hadi mwisho. Ninachouliza ni hiki: mbona anayetaka kutunga sheria apewe nafasi ya pili, na anayetaka kulinda geti la duka asipewe?

10/ Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Aliyeuawa hana rufaa. Mama aliyebakwa haambiwi "nafasi ya pili." Ndiyo maana maoni ya waathiriwa yametajwa kwenye Katiba. Huruma inayomruka aliyeumizwa ni upendeleo tu. Lakini kumsikiliza mwathiriwa hakuhitaji tumfunge mwizi wa kuku maisha yake yote kwa njia ya cheti.

11/ Kwa hivyo mjadala ukianza tena, uliza haya kabla ya kuuliza ni wa kabila gani au chama gani:

Je, kuna hatia tayari, ama kesi bado iko mahakamani?
Ombi lilipitia kamati?
Walioumizwa walisikizwa?
Ametumikia muda gani, na amebadilika vipi?
Je, mfungwa asiye na jina, mwenye kosa kama lake, angepata vivyo hivyo?

Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, hiyo si huruma. Na likiwa ndiyo, basi hata kama mtu mwenyewe humpendi, nyamaza kidogo. Siku moja huenda ombi likawa la ndugu yako.