Kumtibu Mgonjwa wa Mgongo kwa Tundu Dogo: Utangulizi

Wewe kijana uliyemaliza mafunzo ya vitendo juzi tayari umeshaona jinsi foleni ya wagonjwa wa mgongo ilivyo ndefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Wengi wao hupona bila kuguswa na kisu. Wapo wachache ambao miezi mitatu inapita, kisha mwaka, vidonge na mazoezi havijafua dafu, na upasuaji mkubwa wa kufungua mgongo mzima hauwafai au unawatisha. Kitabu hiki kinawahusu hao. Kinaeleza tiba zinazopita kwenye tundu dogo la ngozi: sindano, ncha ya joto, bomba jembamba lenye kamera.

Wageni wa taaluma hii huvutiwa kwanza na vifaa. Nakuomba uvutiwe kwanza na swali: ni kitu gani hasa kinachomuuma huyu mtu? Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea. Baina ya pingili nyingi kuna diski yenye ute katikati na ukuta mgumu pembeni, nyuma yake kuna viungio vidogo viwili viwili, na kando hupita neva zinazoshuka mikononi na miguuni. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuuma, na mgonjwa ataonyesha sehemu ileile kwa kiganja kilekile.

Picha haitamaliza swali hilo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo kabisa. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna katika pingili moja au zaidi. Ungemchukua mmoja wao, ukamwonyesha picha yake na kumwambia diski imetoka, angeanza kuinama kwa hofu siku hiyohiyo. Nimeona wagonjwa wengi waliodhoofishwa zaidi na ripoti ya picha kuliko na mgongo wenyewe, na jambo hili hunisikitisha kila mara.

Ndiyo maana kipimo ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma yetu ni sindano ya ganzi ya majaribio. Mgonjwa hulala kifudifudi juu ya meza ya eksirei. Daktari humtia ganzi kidogo kwenye ngozi, kisha huongoza sindano nyembamba huku akiitazama kwenye skrini, mpaka ncha iguse mfupa pale bawa la pingili linapoanzia. Hapo hupita kijineva kinachobeba maumivu ya kiungio. Dawa inayowekwa haizidi nusu mililita, maana ikizidi itasambaa na jibu litapotea. Halafu mgonjwa huambiwa ainuke afanye yale yanayomuumiza: ainame, akae, apande ngazi. Maumivu yakiondoka kwa saa chache na kurudi dawa inapokwisha, tumepata fununu ya kweli. Tutairudia sindano hiyo siku nyingine kabla ya kuamini. Jibu likijirudia, ndipo ncha ya joto inapopata kazi: nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kwa sekunde 60 hadi 90, kijineva kinaunguzwa. Kitaota tena baada ya miezi kadhaa, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema.

Historia ya tiba hizi ni ndefu kuliko unavyodhani. Mwaka 1901, jijini Paris, daktari Sicard alichoma dawa ya ganzi kupitia uwazi ulio chini ya kiuno ili kutuliza maumivu yanayoshuka mguuni. Mwaka 1934 madaktari wa upasuaji Mixter na Barr wa Boston walionyesha kuwa diski iliyopasuka inaweza kubana neva, na tangu hapo macho ya madaktari yakahamia kwenye diski.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha papai. Wapishi wa pwani hulainisha nyama ngumu ya mishikaki kwa papai bichi, kwa sababu utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini. Mwaka 1956 mtafiti Lewis Thomas aliwadunga sungura kimeng'enya hicho na masikio yao yakalala chini, kwani gegedu iliyoyashikilia ililegea, kisha yakasimama tena baada ya siku kadhaa. Daktari Lyman Smith akajiuliza kama ute wa diski nao usingeyeyuka, na mwaka 1964 akachapisha matokeo ya kuidunga dawa ya utomvu huo kwenye diski za wagonjwa. Wengi walipata nafuu. Marekani iliiidhinisha mwaka 1982. Baadaye mzio mkali kwa baadhi ya wagonjwa na madhara machache lakini mazito ya uti wa fahamu viliipunguzia umaarufu, na hatimaye ikaondoka sokoni. Tundu lilikuwa dogo mno. Hatari haikuwa ndogo.

Kwenye upasuaji wa diski, bomba la madaktari Foley na Smith mwingine la mwaka 1997 liliwezesha kuisogeza misuli badala ya kuikata, kwa mkato usiofika sentimita mbili. Ungetarajia wagonjwa wa bomba wapone vizuri zaidi. Watafiti wa Uholanzi waliwalinganisha na waliofanyiwa upasuaji wa kawaida wa darubini, na mwaka 2009 wakaripoti kuwa wa bomba hawakufanya vizuri zaidi, na maumivu yao yalikuwa juu kidogo. Mwaka huohuo majaribio mawili yalionyesha kuwa kujaza saruji kwenye pingili iliyovunjika kwa udhaifu wa mifupa hakukuzidi utaratibu wa kuigiza.

Mwaka 2025 jopo lililochapisha mwongozo katika jarida la BMJ lilishauri dhidi ya sindano nyingi na ncha za joto kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani. Vyama vya madaktari wa maumivu vilipinga vikali. Maoni yangu ni kwamba jopo limetusaidia: tumewachoma sindano watu wengi ambao chanzo cha maumivu yao hatukukitafuta. Hata hivyo sikubali kuwa mgonjwa aliyechujwa kwa majaribio mawili ya ganzi awekwe kapu moja na yule aliyepelekwa mezani kwa sababu ya picha tu. Soma pande zote mbili kabla hujachagua.

Na kabla ya sindano yoyote, waulize wagonjwa wako kuhusu homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa kuwa kwetu kifua kikuu cha pingili bado kipo na hujificha ndani ya maumivu ya kawaida. Mgonjwa aliyeshindwa kuzuia mkojo au aliyekufa ganzi sehemu za siri na makalioni hana muda wa kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Huyo apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa upasuaji.